Mwezi Tuliomficha Karani

Ulikuwa ule mwaka tuliokula choroko zetu wenyewe. Watu wa Bariadi mnanielewa. Choroko tunalima tuuze, hatulimi tule. Sasa mwaka ule wanunuzi walikuja, wakazichota kwa kiganja, wakazitazama, wakazirudisha kwenye gunia, wakapanda gari lao wakaondoka. Zikabaki ndani. Tukazila na ugali, tukazila na michembe, vile viazi vikavu, tukazila tupu. Mchana kazini ukifungua bakuli huna haja ya kumwuliza jirani amebeba nini. Mwanamke mmoja wa zamu yangu alisema hata ndoto zake sasa ni za kijani.

Minza peke yake ndiye aliyekuwa hali. Alifungua bakuli, akanusa, akafunika, akasema ameshiba. Msichana wa miaka ishirini na minne, ameinama kwenye pamba tangu saa moja asubuhi, ameshiba nini? Nikamtazama pale kwenye kishimo cha shingo, mshipa unadunda kama moyo umehamia huko. Nikajua ana mimba. Sikusema kitu. Na huko kutosema ndiko kulikotaka kumnyang'anya kazi, kadi ya bima na malipo ya uzazi kwa mpigo mmoja, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu mimi.

Nawaandikia ninyi wajukuu zangu, mabinti mnaoingia kazini leo na vitambulisho vinaning'inia shingoni. Mimi nimefanya kazi jinari, kile kiwanda cha kuchambua pamba, miaka ishirini na sita. Tisa ya mwisho nilikuwa kiongozi wa zamu ya wanawake. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo maneno ya chuo msiyatafute humu.

Kazi yenyewe niwaambie kidogo, maana siku hizi mnadhani mashine inafanya kila kitu. Pamba ya mkulima haiji peke yake. Inakuja na majani, mawe, vijiti, na mwaka mmoja ilikuja na kandambili ya mguu wa kushoto. Sisi tulikuwa tunatoa taka kabla haijaingia kwenye meno ya mashine. Na kabla ya taka, unapima unyevu. Kifaa cha kupimia kilikuja baadaye, na betri yake iliisha haraka kuliko mshahara. Sisi tulitumia meno. Unachukua mbegu ya pamba unaiuma: ikilia kah! imekauka, ikibonyea kimya, ina maji, rudisha juani. Aliyenifundisha ni mama mmoja mzee, Mayu Holo, amekwisha tangulia sasa. Alikuwa na meno matano tu, lakini hakukosea hata gunia moja. Mimi mwaka wangu wa kwanza nilijifanya mjuzi, nikaamini macho, nikaruhusu lori zima la pamba mbichi. Siku ya tatu rundo lilianza kufuka moshi lenyewe bila kiberiti. Mayu Holo hakunigombeza. Alinipa mbegu moja akasema, "Uma." Nikauma. "Sasa uma mpaka jioni." Niliuma mbegu mpaka taya likavimba, na sijawahi kukosea tena.

Mama huyohuyo alinifundisha na jambo jingine, na hilo halikuwa zuri kama mbegu. Alinifundisha kuficha mwezi.

Kwetu mimba haitangazwi. Inaonekana, haisemwi. Ukiulizwa lini, unajibu "bado," hata kama uchungu umeanza. Wengine wanaogopa jicho, wengine wanaogopa sikio la mtu asiyekupenda, atakayeijua siku yako akakuwahi. Na msifikiri ni wafugaji wa porini tu. Sisi tunaokaa kiti cha mbele kanisani tunasali kwa sauti, tukitoka nje tunaficha mwezi kimya.

Basi Minza aliponifuata nyuma ya marobota ya pamba akaniambia, "Bibi, nataka kwenda kliniki," nilimwambia vizuri, nenda. Na nikaongeza yangu: "Wakikuuliza siku zako za mwisho uliziona mwezi gani, usitaje wenyewe. Sogeza mbele miezi miwili. Mimba ya miezi mitano waiandike mitatu."

"Watanijua, Bibi."

"Watakujuaje? Wamo ndani ya tumbo?"

Akaenda zahanati ya kwao huko upande wa Lagangabilili, mbali na macho ya mjini. Nesi akamshika tumbo, akatazama kadi, akashika tumbo tena. "Binti, miezi mitatu hii?" "Ndiyo." "Au mapacha?" "Labda," akasema Minza. Mhuri ukapigwa. Tarehe ya matazamio ikaandikwa, ya uongo, kwa wino mzuri wa bluu. Na Minza, kwa kuogopa kuulizwa tena, akawa haonekani kliniki ila mara moja moja.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Taratibu za likizo ya uzazi nilikuwa nazijua, maana nilikuwa kiongozi. Unaandika barua kwa mwajiri miezi mitatu kabla ya tarehe iliyo kwenye kadi. Unaambatisha nakala ya kadi ya kliniki. Likizo ni siku themanini na nne, na ukizaa zaidi ya mmoja ni mia moja. Ukishajifungua unachukua tangazo la kizazi pale ulipozalia, na barua ya mwajiri inayosema huyu ni mtumishi wetu bado, unakwenda nazo kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii ambao tunakatwa kila mwezi. Bima unampeleka mtoto aandikishwe chini yako. Yote haya niliyajua. Minza akaja na barua yake imeandikwa vizuri kwenye karatasi ya mistari. Nikaitazama kadi, nikahesabu, nikamwambia, "Ya nini haraka? Malori yapungue kwanza, wiki mbili tu. Kadi inasema una miezi sita."

Kadi inasema! Uongo niliutunga mimi mwenyewe, na ulipopigwa mhuri nikauamini. Mtu wa darasa la nne akiona mhuri anavua viatu.

Wiki mbili hazikuisha. Jumatatu Minza hakuja. Jumanne hakuja. Simu imezimwa. Jumatano karani akapita akauliza, nikasema labda anaumwa. Nikawa nauma mbegu huku roho inabonyea kimya.

Jumamosi jioni mama yake Minza akafika kwangu, ametoka kijijini na vumbi mpaka kwenye kope. Tukasalimiana taratibu, mwadila mayu, mwadila, habari za ng'ombe, habari za mvua. Nikamwekea choroko, akazitazama kwa huruma kana kwamba ni mimi niliyefiwa. Mwishowe akasema, "Kwetu kuna mgeni. Kitovu kimedondoka leo asubuhi."

Mnajua maana yake. Mtoto alizaliwa Jumatatu, na kabla kitovu hakijadondoka hakuna anayepeleka habari nje ya ua. Ndiyo maana simu ilizimwa. Waliificha mimba kwa ushauri wangu, halafu wakaficha uzazi kwa desturi yetu, na huku daftari la mahudhurio la karani halina desturi, lina mistari tu. Siku sita za kazi, mistari sita mitupu.

"Mtoto mzima?" nikauliza.

"Mkubwa. Lakini macho yamekuwa manjano. Zahanati wamesema tumlete hospitali hapa Bariadi. Kesho tunamleta."

Jumapili wakamleta. Akalazwa, akitibiwa kwa kadi ya bima ya mama yake, maana yeye mwenyewe hata jina alikuwa bado hajapewa.

Jumatatu asubuhi karani wa utumishi akaniita. Tumwite Masunga. Kijana mstaarabu, shati limepigwa pasi mpaka mikono inakata. Simsemi kwa ubaya. Alikuwa anaogopa wakaguzi kama sisi tulivyokuwa tunaogopa macho.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba."

"Kuna kikaratasi kidogo hapa, uweke dole tu uendelee na kazi."

"Kisome."

"Ni kawaida, Bibi."

"Kisome hiyo kawaida."

Akasoma. Kwamba Minza ametoroka kazini zaidi ya siku tano bila taarifa, na kiongozi wake wa zamu anathibitisha, na kuanzia tarehe hiyo si mtumishi tena. Akafungua kidau cha wino. Jina langu najua kuliandika, lakini pale kiwandani ukishakuwa na mvi wanakufungulia wino bila kukuuliza.

"Akishatolewa, kadi yake ya bima inakuwaje?" nikamwuliza.

"Inafungwa. Si mtumishi tena."

"Na malipo ya uzazi?"

"Uzazi gani, Bibi? Hapa hakuna barua ya uzazi. Hapa kuna utoro."

Nikakisukuma kidau kwa mgongo wa mkono. Nikamwambia, "Siweki dole. Minza hakutoroka, amejifungua."

Akacheka kidogo, si kwa dharau, kwa kuchanganyikiwa. "Amejifungua lini? Mbona hatukuona mimba?"

"Hukuitazama. Ulikuwa unatazama daftari."

"Basi lete ushahidi kabla ya Jumatano. Jumatano faili linakwenda kwa meneja."

Nikaenda hospitali na kofia ya kazi kichwani, nyuzi za pamba kwenye nywele. Minza amekaa kitandani, macho yamevimba. Kadi ya kliniki ipo mkononi mwa nesi, mwanamke mnene wa sauti kubwa, anaigeuza mbele na nyuma kama chapati.

"Ninyi ndio wenye huyu mtoto?" akauliza. "Kadi inasema miezi saba. Mizani inasema kilo tatu na nusu. Njiti gani huyu? Mbona amezidi hata watoto waliotimia? Ameanza kula ugali?"

Minza akaanza kulia. Mimi nikasimama. Niwaambieni ukweli, wajukuu, niliwaza kukaa kimya. Umri wangu ungenisitiri. Lakini yule binti alikuwa ananitazama.

"Ni mimi," nikasema. "Mwezi ule niliusogeza mimi."

Nesi akaiweka kadi chini. "Ulikuwa unamficha nani, mama?"

"Unajua mwenyewe. Wabaya."

"Mchawi hasomi kadi, mama. Anayesoma kadi ni mimi. Umenificha mimi! Daktari alitaka kumpeleka chumba cha njiti kwa sababu ya hii miezi yako. Na kama angepitiliza siku zake tumboni, tungejuaje? Tungekaa tunasubiri tarehe ya uongo."

Nimegombezwa na mabwana wawili, mameneja wanne na mama mkwe mmoja aliyekuwa na sauti ya king'ora. Hakuna maneno yaliyoniingia kama yale. Nikainama, nikasema, "Wabeja," yaani asante.

Nesi huyo huyo ndiye aliyetuokoa. Alipomaliza kunguruma alikaa na daktari, wakampima mtoto, wakamhoji Minza upya, na safari hii alitaja mwezi wenyewe, kwa kunong'ona, shuka limemfunika mdomo. Daktari akaandika barua kwamba mimba ilikuwa imetimia, mtoto kazaliwa siku fulani zahanati fulani, na kadi ina kosa la miezi miwili. Tangazo la kizazi mama yake Minza alikuwa nalo, amelifunga kwenye pindo la kitenge pamoja na kipande cha muhogo.

Jumanne nikaingia kwa meneja. Sikungoja Jumatano. Masunga alikuwepo, amesimama pembeni na faili lake. Meneja alikuwa mtu wa makamo, mkimya, alisoma zile karatasi moja moja, akairudia ya daktari.

"Bibi, wewe ulijua ana mimba?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu choroko za kwanza."

"Na hukusema."

"Kwetu hatusemi."

"Na barua yake ya likizo?"

"Aliniletea. Nikamwambia asubiri."

"Kwa hiyo kosa ni lako."

"Ni langu. Niandikie mimi onyo. Yeye mwandikie likizo."

Akazipanga zile karatasi upya. Feni inazunguka. Halafu akamwambia Masunga, "Likizo ihesabiwe kuanzia siku aliyojifungua. Andaa barua ya kwenda kwenye mfuko. Kadi ya bima isiguswe." Akanigeukia. "Na onyo lako utalipata."

Nililipata. Miezi minane kabla ya kustaafu, barua ya onyo ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu. Ninayo sandukuni, nimeiweka pamoja na cheti cha ubatizo.

Minza alikaa na mtoto wake siku zake zote themanini na nne. Mfuko ulimzungusha kidogo, mara picha haionekani, mara jina la kadi na jina la tangazo yametofautiana herufi, lakini alilipwa. Mtoto macho yalirudi meupe, akaandikishwa bima, na siku Minza aliporudi kazini alimleta getini tumwone. Jina wamempa Kabula, kwa sababu siku ile ya kupelekwa hospitali ilinyesha mvua, na kwetu mvua ni mbula. Sasa Kabula anakimbia na begi la shule, na mama yake ndiye kiongozi wa zamu. Anauma mbegu kuliko mimi.

Lakini msifikiri baada ya hapo wanawake wa zamu yangu waliacha kuficha mwezi. Desturi haitoki kama kofia. Niliwaita nyuma ya marobota nikawaambia, basi, tusiseme. Tuandike. Kuandika si kusema. Tukanunua bahasha. Mwanamke akijijua, anakwenda kliniki anamwambia nesi mwezi wa kweli, sikioni. Anaandika barua yake mapema, anaitia kwenye bahasha pamoja na nakala ya kadi, anaifunga kwa ugali wa moto, maana gundi ya dukani inafunguka kwa joto la jinari. Anampa karani mkononi. Karani anaifungua peke yake, mlango umefungwa, anapiga mhuri nakala, anairudisha. Ile nakala yenye mhuri usiipoteze hata nyumba ikiungua. Hakuna aliyetamka kitu, na kila anayetakiwa kujua anajua. Mama mmoja wa huko Mkula, mkubwa kwangu kwa imani za zamani, aliitazama ile bahasha akasema, "Hii hata mchawi akiiba, ugali umekauka, ataifunguaje?" Binti yake akapata likizo bila kuvuja hata neno.

Na Masunga alizoea. Alikuwa akiona mwanamke anakuja na bahasha inanukia ugali, anasimama, anafunga mlango mwenyewe. Ninyi mnaofanya kazi ofisini, muwe hivyo. Siri ya mtu si kosa la kazi. Mtafutieni mlango wa kuipitisha.

Nimeruka jambo moja. Nilitaka kulipita, lakini mabinti mtakuja kukutana nalo, kwa hiyo nirudi.

Siku ile ya Jumanne, meneja alipokwisha kusema yake akatoka kwenda kwenye mashine. Tukabaki mimi na Masunga. Alikuwa amekunja uso, kazi yake yote ya wiki imefutwa. Akafungua faili, akatoa karatasi nyingine, alikuwa ameiandaa mapema. Akavuta kiti akakaa karibu yangu, sauti ya chini, ya heshima kabisa.

"Bibi, ile ya utoro imekufa. Hii nyingine ni laini. Inasema tu hakuwepo kazini siku sita bila ruhusa, kuanzia Jumatatu. Neno utoro nimelitoa."

"Na neno uzazi umeliweka?"

"Halipo. Halihitajiki. Ni ya faili tu, wakaguzi wakija waone mistari ile sita ina maelezo."

"Na likizo yake inaanza lini kwenye hiyo karatasi?"

Akainamia karatasi. "Baada ya zile siku sita."

Kwa hiyo zile siku sita alizolala na kitovu cha mtoto kibichi ziwe siku za kosa. Na mtu wa mfuko akifungua faili akute mwanamke aliyekosekana bila ruhusa, halafu ghafla yuko likizo. Angeuliza. Na akiuliza, Minza angeanza upya.

"Weka dole hapa," Masunga akasema, "na mimi nitazungumza na meneja, lile onyo lako lisiandikwe. Una miezi minane tu, Bibi. Toka na faili safi. Wewe na mimi tunaelewana, hakuna atakayejua."

Nawaambia kweli, nililitaka lile faili safi. Miaka ishirini na sita bila doa, niliitaka. Akakifungua kidau, wino mweusi unang'aa, akakisogeza mpaka chini ya mkono wangu, na akanishika kidole gumba taratibu, kama mtoto anayemsaidia bibi yake.

Nikakivuta kidole, nikakifunga ndani ya ngumi, nikaiweka ngumi mapajani.

"Bibi, tafadhali. Hii siyo ile."

"Siweki dole. Minza hakutoroka, amejifungua."